Wawili Wamezidi

Mimi ni fundi viatu. Hesabu yangu ni jozi:
anayeniletea kimoja
namwuliza mwenzake yuko wapi.
Mengine nilimwachia mwalimu na ubao wake.

Kisha Wavinya akaja na kopo la rangi nyekundu,
akashuka hadi nguzo ya daraja, kajifunga kibwebwe,
akachora mistari, sentimita kumi kumi,
kama mama anayempima mtoto ukutani.
Tulimcheka. Mto Ngong, Mwalimu, unaushonea suruali?

Hakujibu. Kule Riruta dadake aliweka chupa
ya mafuta ya kupikia, iliyokatwa shingo,
juu ya paa la choo, na rula ndani yake.
Mvua ikikatika anapiga simu: milimita kumi na nane.
Wavinya anaandika. Halafu anakaa kwenye benchi langu,
saa mkononi, akiyangoja maji
kama mtu aliyeahidiwa mgeni.

Misimu miwili. Daftari la miraba
likaanza kunuka gundi yangu.
Nikachungulia: nukta zinapanda mshazari
kama siafu waliokubaliana.
"Mto hauna hasira, Baba Kemunto," akasema.
"Una kuchelewa. Kinachonyesha Riruta
kinatufikia baada ya saa mbili na robo.
Hizo ndizo zetu."

Bwana mmoja wa ofisi, viatu safi,
alitwambia kina cha mto, kwa wastani, ni magotini.
Wavinya alicheka hadi akashika nguzo.
"Wastani haukai Mukuru.
Wastani haujawahi kulala sakafuni."

Aprili, saa nne usiku, simu:
milimita sitini na moja, na chupa inamwagika.
Huko daftari halikuwa na nukta hata moja.
Nilimwona akiurefusha mstari kwa penseli
nje ya kila alichokijua, mkono ukitetemeka.
"Mstari wa kumi na nne. Saa sita na robo. Labda mapema."
Hiyo *labda* pia aliiandika.

Tukatoa. Shuleni kutoa ni kupunguza;
usiku ule kutoa kulikuwa kumbeba Bibi Nekesa mgongoni,
kutoa godoro, kutoa cherehani,
kutoa mbuzi wa Abdirahman aliyegoma mlangoni.
Orodha ilisema watu mia mbili na kumi na wawili.
Uwanjani kwa shule ya mabati, tochi mkononi, akahesabu.
Mia mbili na kumi na wanne.

Akarudia. Kumi na wanne.
Nikamwambia, Mwalimu, heri kuzidi kuliko kupungua.
Akanitazama kama niliyejibu swali la jirani.
Akapita safu kwa safu hadi akawapata:
wavulana wawili, gunia moja,
wanaolala chini ya kibanda changu.
Changu. Shubiri mbili chini ya soli ninazozigonga.
Na upande ule wa mto
aliyepewa kalamu aandike watu
nilikuwa mimi.

Maji yalifika saa sita na dakika tano.
Mstari wa kumi na tano.
Alikosea dakika kumi na mstari mmoja,
akanuna wiki nzima, akachora nukta mpya
juu kabisa, peke yake.
Kibanda kilikwenda. Nyundo niliiokota matopeni,
misumari hapana.

Sasa nina daftari langu. Napita mlango kwa mlango,
na pasipo mlango nainama.
Barasa, miaka kumi na mmoja.
Ekiru hajui yake. Nikataka kuandika sufuri;
Wavinya akanishika kalamu.
"Kisichojulikana si sufuri. Kipe herufi,
kisha endelea kutafuta."

Nikaandika X.
Ekiru akachungulia,
akauliza amekosa wapi.